MTO MTULIVU KATIKA KARATASI
Namna ya kutazama mchoro wa maisha ya kila siku

Watu wengi waingiao katika Jumba la Makumbusho la Nairobi husimama kwanza mbele ya vitu vikubwa. Humtazama Ahmed, yule ndovu mashuhuri wa Marsabit, ambaye mfano wake umesimama uani. Huitazama mifupa ya kale, silaha na mapambo. Lakini mtu akiwaonyesha mchoro mdogo wa kalamu, wenye mto, miti michache, na mwanamke ainamaye kuteka maji, aghalabu watautupia jicho mara moja na kupita. Wakiulizwa sababu, watajibu: “Hapana kitu pale. Ni mto tu.”

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba pale pana kitu, tena kitu kikubwa, na kwamba kukiona si kazi ya wataalamu peke yao. Mkulima wa Dagoretti, karani wa mjini, mwalimu wa Kangemi na mama afuaye nguo, wote waweza kuutazama mchoro wa namna hii na kuufahamu vema. Pengine wao watauelewa kupita mgeni aliyesoma vitabu vingi vya sanaa, kwa maana kazi zilizochorwa humo wanazijua kwa mikono yao wenyewe.

MCHORO NI KITU GANI?

Kwanza yafaa kutofautisha mchoro na picha ya rangi. Picha ya rangi hufunika nguo au ubao wote, pasibaki mahali patupu. Mchoro hutegemea mstari. Vifaa vyake ni vichache: karatasi, na kalamu ya risasi, au wino, au kipande cha mkaa, au chaki nyeusi. Kwa kuwa vifaa ni vichache, mchoraji hawezi kuficha udhaifu wa mkono wake nyuma ya rangi za kupendeza. Kila mstari huonekana ulivyo.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika mchoro wa mto, maji yenyewe mara nyingi hayachorwi. Mchoraji huchora kingo mbili, matete, mawe, na sura ya mti iliyoanguka juu ya maji, kisha huacha karatasi nyeupe katikati. Jicho letu ndilo linaloigeuza karatasi hiyo tupu kuwa maji. Ndivyo ilivyo katika ngoma pia: mdundo haufanywi na mapigo peke yake, bali na nafasi iliyo kati ya pigo na pigo. Mpigaji asiyejua kunyamaza huharibu ngoma, na mchoraji asiyejua kuacha karatasi wazi huharibu mto.

Maji yana kanuni zake, na mchoraji mwema huzitii. Maji yakitulia, sura ya mti huonekana wima chini ya mti wenyewe. Upepo ukivuma kidogo, sura hiyo hukatika vipande vipande vya kulala. Maji yakienda mbio juu ya mawe, sura hutoweka kabisa. Basi kwa kutazama mistari michache tu, msomaji aweza kujua kama siku ile palikuwa na upepo, na kama mto ule ni wa bondeni au wa mteremkoni.

Umbali nao una kanuni yake. Vitu vilivyo karibu huchorwa kwa mistari mizito na myeusi. Vilivyo mbali kwa mistari myembamba na hafifu. Mtu yeyote aliyepata kuamka mapema katika vilima vya Kikuyu ameliona jambo hilo: mgomba ulio mlangoni ni mweusi dhahiri, mti ulio ng'ambo ya bonde ni kama kivuli, na mlima ulio nyuma yake umezama katika ukungu.

MASWALI MANNE

Atakaye kuutazama mchoro na ajiulize maswali manne, wala asiwe na haraka. Dakika tano zatosha.

Swali la kwanza: Mwangaza unatoka wapi? Vivuli virefu ni vya asubuhi au jioni. Vivuli vifupi ni vya adhuhuri. Saa ikijulikana, kazi nazo hufahamika. Asubuhi watu huteka maji ya nyumbani. Jua likipanda hufua na kuanika. Jioni hunywesha mifugo. Mchoraji aliyeweka ng'ombe majini na vivuli virefu ametuambia saa bila kuchora saa.

Swali la pili: Maji yanatoka wapi, na yanakwenda wapi? Jicho na liufuate mto kutoka mbali hadi karibu. Katika michoro mingi mto ndio njia ambayo mchoraji ametutengenezea ili tuingie ndani ya karatasi. Ukikunja kona na kupotea nyuma ya kilima, yeye anatutaka tufikiri juu ya mambo yaliyo nyuma ya kilima hicho.

Swali la tatu: Nani anafanya nini? Hapa ndipo ujuzi wa msomaji unapofaa. Mtu wa mjini ataona mimea ya majani mapana ukingoni; mkulima ataona magimbi, ambayo watu wengi wa Kenya huyaita nduma, na kusema kwamba ardhi hiyo ni ya unyevu mwaka mzima. Ataona kijia kilicholika sana na kujua kwamba hapo ndipo mahali pa kutekea maji, wala si pale mbele penye majani marefu. Ataona kijana mwenye fimbo amesimama upande wa chini wa ng'ombe, na kujua kwamba anawazuia wasivuke kuingia shambani kwa mtu.

Swali la nne: Mchoraji alikuwa wapi? Swali hili husahauliwa sana, na labda ndilo kubwa kuliko yote. Aliyechora akiwa juu ya kilima huwaona watu kama sisimizi. Kwake wao ni pambo la kuonyesha ukubwa wa miti na upana wa bonde. Ndivyo wasafiri wengi wa karne ya 19 walivyoichora Afrika. Lakini aliyeketi ukingoni, macho yake sawa na macho ya afuaye nguo, huona mikono, huona mgongo, huona jinsi kitambaa kilivyofungwa kichwani. Yule wa kwanza alipita njia. Huyu wa pili alikaa, na yamkini alisalimu kabla ya kukaa.

UTULIVU SI UTUPU

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo yafaa sana hapa. Mchoro wa mto huitwa mtulivu kwa sababu hakuna vita ndani yake, hakuna simba, hakuna mfalme juu ya farasi. Lakini kutulia kwake kusitufanye tudhani kwamba watu waliomo wamepumzika.

Tumtazame yule mwanamke mwenye maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Debe lililojaa huchukua lita 18 hivi, na mtungi mkubwa wa plastiki wa siku hizi lita 20. Mzigo huo hupandishwa mlimani, maana mto uko bondeni daima na nyumba ziko juu. Katika nchi ya Kikuyu wanawake waliubeba mgongoni kwa mkanda wa ngozi uliopita juu ya kipaji cha uso, hata wazee wengine wakawa na alama ya mkanda huo mpaka kufa kwao. Safari moja haitoshi nyumba yenye watoto; hapana budi kurudi tena na tena.

Mchoraji dhaifu humchora mwanamke huyo amesimama wima kama anayekwenda arusini. Mchoraji mwema huuonyesha uzito: kichwa kimeinama mbele, goti limekunjika, kisigino kimekanyaga kwa nguvu mahali ambapo udongo unateleza. Hasemi neno, wala hatuombi tumhurumie. Anatuonyesha tu kazi ilivyo, kisha anatuachia sisi tuseme.

Kwa hiyo mchoro wa namna hii waweza kututendea mambo mawili kinyume. Tukiutazama vibaya, tutaugeuza kuwa ndoto ya zamani, na kusema kwamba maisha ya kijijini yalikuwa raha tupu, maji safi na ndege wakiimba. Tukiutazama vema, tutaona uzuri na taabu vikiwa pamoja katika karatasi moja, kama vilivyo pamoja katika maisha. Aliyejifunza kuiona taabu hiyo katika mchoro hataipita tena njiani bila kuiona.

WACHORAJI WA MBALI NA WA KWETU

Kuchora maisha ya kila siku hakukuheshimiwa nyakati zote. Huko Ulaya, kwa muda wa karne nyingi, mto na mti vilichorwa nyuma ya watakatifu na wafalme, kama pazia. Katika karne ya 17 wachoraji wa Uholanzi waliligeuza jambo hilo. Mmoja wao alikuwa Jan van Goyen, aliyezaliwa Leiden mwaka 1596 na kufariki mwaka 1656. Alisafiri kando ya mito ya nchi yake akiwa na daftari na chaki nyeusi, akachora vivuko, wavuvi, ng'ombe ndani ya mashua, na nyumba za maskini zilizoegemea maji. Katika picha zake za rangi alipenda kutumia rangi chache tu, za udongo na za mawingu. Hakuna shujaa ndani yake isipokuwa mto wenyewe na watu wapatao riziki kwao.

Wachina walitangulia. Mwanzoni mwa karne ya 12, au karibu na hapo, Zhang Zeduan alichora juu ya hariri ndefu, yenye urefu unaozidi mita 5, ambayo leo imehifadhiwa Beijing. Picha hiyo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama maandishi ya Kiarabu. Inaanza shambani, penye miti na wanyama wa mizigo. Kisha inaufuata mto, penye mashua na daraja lililojaa watu. Mwisho inaingia mjini, penye maduka na wachuuzi. Mtu akiifuata picha hiyo amesafiri kutoka kijijini hadi mjini kwa njia ya maji.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, Bibi Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937. Njia yake moja ilikuwa hii: aliwasimulia wanafunzi jambo kwa maneno, wao wakaliona katika fikira zao, ndipo wakashika kalamu na rangi. Kwa njia hiyo hawakunakili picha za Ulaya, bali walichora mambo waliyoyajua.

Miongoni mwa waliosoma huko alikuwa Sam Ntiro, Mchagga wa Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923. Alichora watu wa vilimani wakifanya kazi pamoja katikati ya migomba. Picha yake ya mwaka 1956, ya watu wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la sanaa za kisasa la New York. Hapakuwa na simba katika picha hiyo. Palikuwa na jirani na jirani yake.

Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, naye alisoma Makerere. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati ule, akaiweka habari ya Injili katika nchi ya Kikuyu. Ubatizo ni moja ya picha hizo. Mtu wa Murang'a aliyeitazama hakuhitaji kuambiwa Yordani iko wapi. Mito ya milimani aliijua. Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa hapa Nairobi, mahali pa wasanii wa Kiafrika kuonyesha kazi zao.

Tusimsahau Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, tangu mwaka 1950 hata 1952. Alifundisha shule kwa miaka mingi. Alipoirudia sanaa yake uzeeni, hakuwa na fedha ya kununua rangi, basi alikata vipande vya magazeti na vya pakiti za sabuni na unga, akavibandika kuwa picha za wanawake, wanyama na mashamba. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021. Maisha yake yanafundisha kwamba asiye na rangi anaweza kupata njia nyingine, lakini asiye na jicho hana njia.

MTO ULIOUPA MJI JINA

Kwa mtu wa Nairobi habari hii si ya mbali. Mji wenyewe umepewa jina na maji. Wamaasai walipaita mahali hapa Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Reli ilifika mwaka 1899, kambi ikawa mji, na mwaka 1950 mji ukapewa hadhi ya jiji. Jina la maji likabaki juu ya mawe na saruji.

Mto Nairobi huanzia magharibi, katika kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, ambako majani yaliyofumana yanaelea juu ya maji na ardhi hutikisika chini ya miguu. Hushuka kupita upande wa Dagoretti na Kileleshwa, hufika Chiromo, hupita chini ya kilima cha Makumbusho, na kuambaa kaskazini mwa katikati ya jiji kuelekea Gikomba. Mto Kirichwa Kubwa nao hutoka upande huo huo wa magharibi na kupita katika bustani ya miti iitwayo Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907. Maji hayo yote huingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mvuvi wa Malindi aonaye maji mekundu wakati wa mvua anaona udongo wa bara, na baadhi yake umetoka katika vilima vyetu.

Mji umekua, na mto umepata taabu. Maji machafu na takataka vimeingia ndani yake, na majengo yamesogea mpaka kingoni. Katika mvua za masika za mwaka 2024 mito ya Nairobi ilifurika, ikaua watu na kuharibu makao. Yapo pia mambo ya kutia moyo: karibu na katikati ya jiji, sehemu ya ukingo iliyokuwa jaa na gereji ilisafishwa na kupandwa miti tangu mwaka 2008, nayo leo ni bustani iitwayo kwa jina la hayati John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira.

Hapa ndipo mchoro mdogo unapokuwa na kazi kubwa. Watoto wengi wa Kawangware na Kangemi hawajapata kuuona mto wa kwao ukiwa safi. Hawajui kwamba palikuwa na mahali pa kuogelea, na mahali pa kutekea, na mti fulani waliopumzikia wabebaji maji. Mtu hawezi kulilia kitu asichojua kwamba kilikuwapo. Mchoro wenye jina la mahali na tarehe ni shahidi: unasema ukingo ulikuwa hapa, na watu walifanya hivi.

YAFAAYO KUFANYWA

Atakaye kuzoeza jicho lake anaweza kuanza bila gharama kubwa. Katikati ya jiji kuna Nairobi Gallery, katika jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya serikali, penye vitu vya hayati Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 na mpenzi mkubwa wa sanaa za Afrika. Sehemu nyingine ya hazina yake imo katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, barabara ya Moi. Aende huko, achague picha moja tu, aiulize maswali yale manne.

Kisha achore mwenyewe. Achukue karatasi na kalamu ya risasi, aketi kando ya Kirichwa Kubwa au mto mwingine wowote wa kwao, atazame nusu saa kabla ya kuchora nusu saa. Asiogope kwamba mkono wake haujui. Achore kilichopo, hata kama ni mfuko wa plastiki ulionasa katika matete, maana huo nao ni ushahidi wa siku zetu. Mwisho aandike chini jina la mto, mahali na tarehe.

Walimu na wazazi wanaweza kuifuata njia ya Makerere. Wamwite mzee au bibi aliyeteka maji katika mto wa mtaa ule zamani, aketi mbele ya watoto, awasimulie: njia ilipita wapi, jiwe la kufulia lilikuwa upande gani, nani alikatazwa kuvuka na kwa nini. Watoto wafumbe macho na kusikiliza, kisha wachore. Mzee atazame michoro yao na kusahihisha: “La, mti ulikuwa ng'ambo ile.” Kwa saa moja mto uliopotea utakuwa umerudi katika karatasi thelathini.

Kazi hiyo haimngojei mtu maarufu. Wazee waijuao mito hiyo ilipokuwa safi wanapungua kila mwaka, na bei ya kalamu ya risasi inajulikana.